Jioni ya mishumaa kijijini: mwongozo kamili wa kuchangisha fedha za hospisi msimu wa baridi

Dunster ni kijiji cha Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza, chini ya vilima vya Exmoor. Kina ngome kilimani, kanisa la kale, na barabara kuu moja yenye jengo la mbao la pembe nane ambapo zamani, tangu karne ya 17, wafanyabiashara walikuwa wakiuza vitambaa. Ijumaa na Jumamosi za mwanzo wa Desemba taa za umeme huzimwa, mishumaa ikawashwa madirishani na barabarani, watoto wakapita na kandili, na umati ukaja kutoka mbali kutembea gizani. Kwa miaka mingi mapato ya jioni hizo yamekuwa yakiisaidia St Margaret's Hospice, inayowahudumia wagonjwa wa Somerset wenye maradhi yasiyopona.

Si lazima uwe na ngome. Vijiji vingi vya Uingereza hufanya jioni ya namna hii, vingine kwa watu mia mbili tu na meza tatu za keki. Mwongozo huu nimeuandika nikiwafikiria hasa Waswahili tunaoishi huku. Wengi wetu tunafanya kazi kwenye nyumba za wazee na mahospitalini, tunawajua wagonjwa wa kijiji kizima kwa majina, lakini kwenye kamati za kijiji hichohicho hatuonekani. Nafasi ipo, na watu wa kujitolea hawatoshi kamwe.

Kwa nini hospisi zihitaji michango katika nchi yenye matibabu ya bure? Kwa sababu nyingi ni mashirika ya hisani. Mgonjwa hatozwi hata senti, awe amelazwa au anafuatwa nyumbani na muuguzi usiku wa manane. Kwa hospisi za watu wazima serikali hutoa, kwa wastani, kama theluthi moja ya gharama. Kinachobaki hutokana na maduka ya mitumba, wosia, mbio za hisani na jioni kama hii yako.

Kabla ya yote shika jambo hili, maana mpango mzima unalitegemea: mtu hufika kwa ajili ya mishumaa, lakini hutoa kwa ajili ya mtu wake aliyefariki. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kumtengenezea mahali pa kusimama. Anayetembea bila kusimama hutoa sarafu mfukoni. Akisimama, akaandika jina la mama yake kwenye kadi, huyo hutoa kwa moyo.

Anza na hospisi yenyewe

Usitangaze chochote kabla hujazungumza na ofisi ya michango ya hospisi ya eneo lako. Wape tarehe, mahali, idadi ya watu unaowatarajia na namna utakavyokusanya fedha. Wakikubali watakupa barua ya kukutambua, namba yao ya usajili na ruhusa ya kutumia nembo yao kwenye matangazo. Aghalabu watakuazima pia ndoo za kukusanyia zenye kufungwa kwa lakiri, mashine za kadi na bahasha maalumu za michango.

Waulize jambo moja zaidi: je, wanaweza kumtuma muuguzi jioni hiyo? Si kwa hotuba ndefu. Dakika tatu za mtu anayefanya kazi hiyo, akiwa na sare yake, zinafanya zaidi ya mabango kumi.

Kisha kamati. Watu sita au saba wanatosha: mwenyekiti, mweka hazina, wa taa na mishumaa, wa barabara na magari, wa vibanda na chakula, wa watoto na kwaya, na mmoja wa kuwaratibu wanaojitolea. Waambie mapema baraza la kijiji, mchungaji, mwalimu mkuu, mwenye baa na wale kina mama wa Women's Institute, chama cha wanawake cha kijiji. Hao wa mwisho usiwakose. Ndio wenye masufuria makubwa, na ndio wanaojua nani hazungumzi na nani. Utasikia ajabu kidogo kumwita bibi wa miaka 80 kwa jina lake tu kama wenyeji wanavyomwita. Zoea, au mwite kwa heshima unayoona inakufaa, sijaona aliyechukia.

Fungua akaunti ya benki yenye watu wawili wa kuidhinisha, wasiokuwa mke na mume wala ndugu. Sema hili kwenye kikao cha kwanza, kabla fedha hazijaanza kuingia, lisije likaonekana kama unamshuku mtu.

Tarehe, saa na giza

Mwanzoni mwa Desemba, katika kusini-magharibi mwa Uingereza, jua huzama dakika chache tu baada ya saa kumi jioni. Saa kumi na moja ni giza totoro. Hii ndiyo neema ya msimu wa baridi: unaweza kuanza saa kumi na moja na watoto wa chekechea wakawepo, ukamaliza saa tatu usiku na wazee wakalala mapema.

Wikiendi ya kwanza ya Desemba ina mvuto, kwani watu bado wana fedha na hawajachoka na Krismasi. Ina hatari yake pia. Tarehe 6 na 7 Desemba 2024 kimbunga Darragh kiliipiga Wales na magharibi ya Uingereza, na sherehe nyingi za Krismasi zilifutwa wikiendi hiyo. Amueni mapema kabisa, na muandike: nani ana mamlaka ya kufuta, atafuta saa ngapi, na kwa onyo la rangi gani kutoka Met Office, idara ya hali ya hewa. Weka pia mpango mdogo wa ndani, yaani kanisa au ukumbi wa kijiji, wenye kwaya, kinywaji cha moto na mti wa majina ambao nitaueleza hapo chini. Barabara ikishindikana, mti usishindikane.

Giza lenyewe linahitaji kuandaliwa. Mishumaa mia nne chini ya taa moja kali ya barabarani ni kazi bure. Taa za barabarani kwa kawaida ni mali ya halmashauri, hivyo ombi la kuzizima kwa saa chache lipelekwe miezi kadhaa kabla, na huenda likakataliwa. Wakikataa, hamisha njia yako iende kwenye uchochoro wa kanisa au uwanja wa kijiji. Taa za maduka na nyumba ni suala la kubisha hodi. Pita mlango kwa mlango mwezi Oktoba na kikaratasi chenye saa ya kuzima na saa ya kuwasha, na mwombe kila mwenye nyumba afunge mapazia. Sehemu tatu zisikose mwanga hata kidogo: maegesho, vyoo, na ngazi zozote.

Vibali

Hapa ndipo wengi hukwama, ingawa si vigumu ukianza mapema. Machi au Aprili si mapema mno.

Kufunga barabara huombwa halmashauri. Kwa sherehe za mara moja halmashauri nyingi bado hutumia sheria ya mwaka 1847, iliyotungwa enzi za magari ya farasi. Watataka ramani, njia mbadala ya magari, na bima ya dhima kwa umma, yaani ya kulipa fidia mgeni akiumia, mara nyingi ya pauni milioni 5. Bima hiyo si ghali kwa jioni moja, na huenda baraza la kijiji linayo tayari.

Pombe: ukiuza divai ya moto nje ya baa yenye leseni, unahitaji ilani ya shughuli ya muda (Temporary Event Notice). Nchini England na Wales ada yake ni pauni 21, hupelekwa angalau siku 10 za kazi kabla, na inaruhusu watu wasiozidi 499 kwa wakati mmoja, wahudumu wakiwemo. Kama unatarajia zaidi ya hapo, njia rahisi ni kumwachia mwenye baa auze kwa leseni yake na kutoa sehemu ya faida. Usijaribu ujanja wa kugawa divai kwa "mchango". Mchango ukiwa ndio sharti la kupata glasi, huko ni kuuza.

Kukusanya fedha kwa ndoo barabarani kunahitaji kibali cha halmashauri pia, na kanuni za halmashauri nyingi zinataka mkusanyaji awe ametimiza miaka 16. Bahati nasibu haihitaji leseni ikiwa tiketi zinauzwa palepale kwenye sherehe wakati sherehe inaendelea. Masharti yake ni kwamba usikate zaidi ya pauni 100 za gharama, usitumie zaidi ya pauni 500 kununua zawadi, wala usihamishie zawadi kwenye bahati nasibu nyingine. Zawadi za kupewa haziingii kwenye hiyo pauni 500, basi omba: kapu la jibini kutoka kwa mkulima, chakula cha watu wawili kutoka kwenye baa, gogo la kuni lililokatwa vizuri. Kuni kavu zinagombaniwa kuliko manukato.

Mishumaa

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Njia ya bei nafuu na salama kuliko nyingine ni chupa za jamu. Tangaza tangu Juni: kila nyumba iweke chupa tupu, ioshwe na ibanduliwe karatasi. Chupa iwe na urefu wa sentimita 10 au zaidi ili utambi ukae chini ya ukingo na upepo usiufikie. Fupi zote ziweke madirishani au kwenye meza za ndani.

Mimina mchanga mkavu sentimita tatu ndani ya kila chupa. Mchanga unazuia joto lisipasue kitako cha kioo, na unaipa chupa uzito isianguke mtu akiigusa kwa buti. Mchanga uwe mkavu kweli. Wenye unyevu hutoa mvuke unaofunika kioo kwa ukungu, na mwanga wako wote unapotea. Juu yake weka mshumaa mdogo wa kikombe cha bati. Wa kawaida huwaka kama saa nne. Ukianza saa kumi na moja na kumaliza saa tatu, hizo saa nne zinafika ukingoni kabisa, kwa hiyo nunua ile inayowaka kwa muda wa saa nane, hata kama bei imepanda kidogo. Kukimbia kubadilisha mishumaa gizani katikati ya umati ni adhabu.

Hesabu ni rahisi. Tuseme barabara yako ina mita 200 na unataka chupa moja kila mita, pande zote mbili: chupa 400. Mtu mmoja mwenye kibiriti kirefu cha gesi anaweza kuwasha kama 50 kwa robo saa ikiwa hakuna upepo. Basi wanane wanatosha, lakini panga kumi na wawili, kwani Desemba upepo upo. Kila mtu apewe kipande chake cha barabara tangu mwanzo hadi mwisho: ndiye anayepanga, anayewasha, anayezungukia, na anayezima. Yule anayejua kwamba mita 20 zile ni zake hataziacha zizimike.

Utambi mpya ni mgumu kushika moto kwenye baridi. Siku moja kabla, kaeni ukumbini muiwashe yote kwa dakika mbili tatu kisha muizime. Utambi uliokwisha kuungua huwaka mara moja. Ni kazi ya jioni nzima ya chai na porojo, na kwa uzoefu wangu hapo ndipo wanaojitolea wanapojuana.

Madirishani sishauri moto halisi hata kidogo. Mapazia, karatasi za mapambo, paka wa nyumba. Tumia mishumaa ya betri yenye mwanga wa manjano. Kutoka barabarani hakuna atakayetambua. Nyumba zenye paa la majani, ambazo vijiji vya Somerset na Devon vinazo, zisiwe na mienge wala moto wa wazi karibu, na chupa zako ziwe mbali na kuta zake. Mienge mikubwa ya kushika mkononi inapendeza kwenye picha, lakini mimi ningeiacha. Na vile vifanusi vya karatasi vya kurushwa angani vikataze waziwazi kwenye tangazo. Huanguka mashambani vikiwa bado na moto, na nyaya zake huua ng'ombe wanaozimeza. Halmashauri nyingi haziviruhusu kwenye ardhi zao.

Kila baada ya mita 30 hivi weka ndoo ya maji na ndoo ya mchanga. Kwenye kila kibanda chenye jiko, blanketi la kuzimia moto na mtungi unaofaa. Acha njia ya gari la zimamoto yenye upana wa mita 3.7 mwanzo hadi mwisho. Vibanda vipangwe upande mmoja tu wa barabara. Mwalike afisa wa kituo cha zimamoto aje kuipima kwa macho yake wiki moja kabla. Wengi hufurahi kuombwa, na wakija jioni yenyewe na gari lao, watoto hawataki kuondoka.

Kandili za watoto

Maandamano ya kandili ndiyo yanayoleta familia, na familia huleta babu na bibi. Fanya warsha shuleni katikati ya Novemba.

Unahitaji fito nyembamba za mti wa willow, zilowekwe majini siku kadhaa ili zipinde bila kukatika. Mtoto anatengeneza umbo la piramidi au nyota, anafunga maungio kwa utepe wa karatasi wa mafundi rangi, kisha anavika karatasi nyeupe ya shashi iliyopakwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji. Ikikauka inajikaza kama ngozi ya ngoma na kuvumilia manyunyu. Wanaokosea hupaka gundi kidogo wakiogopa kuchafuka. Karatasi iloe kabisa pande zote mbili. Ndani weka taa ndogo ya betri. Watoto na makoti ya nailoni hawafai kuandamana na moto.

Kama kanisa la kijiji hufanya ibada ya Christingle, unganisha nayo. Kila mtoto hushika chungwa lenye utepe mwekundu, mshumaa juu yake, na vijiti vinne vilivyochomekwa zabibu kavu au peremende. Mila hii ilianzia kwa Wamoravian wa Marienborn, Ujerumani, mwaka 1747, ikiwa mshumaa na utepe tu. Chungwa lilikuja baadaye. Huku England ilienea kuanzia 1968, shirika la Children's Society lilipoitumia kuchangisha fedha za watoto. Ni Wamoravian haohao waliofika Rungwe mwaka 1891, kwa hiyo msomaji wa Mbeya au Tabora asione hili ni jambo la wageni watupu.

Mti wa majina

Sehemu hii ndiyo ningeitengea akili zaidi kuliko zote, na ndiyo ninayoiona ikipuuzwa, inasukumwa pembeni ya kibanda cha soseji huku spika ikipiga kelele juu yake.

Chagua mti mmoja, wa kweli uliopo uwanjani au wa Krismasi uliosimamishwa mlangoni mwa kanisa. Uwe mwisho wa njia ya mishumaa, mahali ambapo barabara inapanuka na watu wanaweza kusimama bila kusukumana. Usiwe na muziki wa karibu. Weka meza mbili ndefu zenye mwanga wa kutosha kuandikia, kadi nene zenye kitundu na uzi, na penseli. Nasema penseli kwa sababu wino wa kalamu nyingi hugoma kwenye baridi, na ukishaandika huyeyuka kwa mvua. Weka viti vinne kwa wazee, na karatasi laini za kufutia machozi bila kuzifanya ziwe mapambo.

Mezani wakae watu wawili wanaojua kunyamaza. Si wakati wa kuuza. Mtu akija, apewe kadi na penseli. Akimaliza kuandika, aoneshwe mti. Bahasha ya mchango iwe palepale mezani na sanduku lake, isisitizwe. Usiweke bei ya kadi. Kuna watakaotia pauni moja na kuna watakaotia noti ya hamsini iliyokunjwa, na hakuna anayepaswa kujua nani ni nani.

Hapa tuliokulia kwenye harambee tunapaswa kubadilisha gia. Kwetu jina na kiasi vinatajwa kwa kipaza sauti, watu wanashangilia, na mwingine anaongeza ili asipitwe. Ni mtindo mzuri na umejenga mashule mengi. Kwenye kijiji cha Kiingereza ukitangaza kwamba bwana fulani ametoa pauni mia mbili, bwana huyo atatamani ardhi immeze, na mwaka ujao hutamwona. Shukuru kwa jumla, kamwe si mmoja mmoja.

Majina ya marehemu yanaweza kusomwa kwa sauti, na wengi hupenda. Weka kisanduku kidogo nyuma ya kadi: "Jina lisomwe?" Anayetia alama tu ndiye anayesomewa. Wakati mzuri ni kama saa moja na nusu usiku, watoto wadogo wakiwa bado wapo. Muuguzi wa hospisi aseme maneno yake machache, majina yasomwe na wasomaji wawili kwa kupokezana, dakika moja ya kimya, kisha kwaya ianze wimbo unaojulikana na wote. Kwaya ianze yenyewe bila mtu kutangaza. Mtangazaji akiingia hapo na "haya sasa ndugu zangu" ameharibu kila kitu.

Kadi zikunjwe na zihifadhiwe. Usizitupe kwenye pipa la kijiji asubuhi yake. Hospisi nyingi zitakubali kuzipokea.

Chakula na kinywaji

Divai ya moto ndiyo inayouzika kuliko vyote. Kwa chupa 10 za divai nyekundu ya bei ya chini ongeza lita mbili na nusu za maji ya machungwa, machungwa matano yaliyokatwa, vijiti 10 vya mdalasini, karafuu kama 40 na sukari gramu 700 hivi, kisha uonje. Utapata kama glasi 66 za mililita 150. Isichemke: pombe huanza kuruka kwenye nyuzi 78, na karafuu ikichemka sana huwa chungu. Karafuu nzima za Pemba ukizipata, tumia chache kuliko mapishi yanavyosema. Zile za dukani mara nyingi zimekaa kabatini hadi zimesahau asili yao. Pembeni weka sufuria sawa na hiyo ya maji ya tufaha yenye viungo vilevile kwa madereva, watoto na wasiokunywa pombe, isiwe ndogo kama vile ni ya kuombea radhi.

Vipai vya Krismasi vya zabibu kavu siku hizi havina nyama, lakini vingi vina mafuta ya ng'ombe. Ukitumia mafuta ya mimea na usipotia pombe, wala-mboga na Waislamu wa kijiji watakula bila kuuliza. Andika wazi vizio vya chakula. Sheria inavitambua 14. Supu na soseji zisishuke chini ya nyuzi 63 zikiwa zinasubiri wateja. Na ukipika sambusa, pika mara mbili ya unavyodhani. Zitaisha saa kumi na mbili na nusu.

Kwa wachuuzi wa nje toza ada ya kibanda iliyo wazi badala ya asilimia ya mauzo. Asilimia inaleta mabishano usiku.

Fedha

Nusu ya wageni hawana sarafu mfukoni. Mashine za kadi zijaribiwe palepale barabarani, jioni, wiki moja kabla, maana mtandao wa vijijini hufa watu wakijazana. Omba mashine zinazoweza kuhifadhi malipo na kuyatuma baadaye.

Ukumbusho wa Gift Aid uwe kwenye kila bahasha. Mlipakodi wa Uingereza akijaza jina, anuani na kuweka alama, hospisi inapata pensi 25 zaidi kwa kila pauni kutoka serikalini, yeye bila kuongeza chochote. Haihusu tiketi za bahati nasibu wala divai, kwa kuwa hapo mtu amenunua kitu. Upo pia mpango wa michango midogo, isiyozidi pauni 30 kila mmoja, ambao hauhitaji fomu. Waulize hospisi kama ndoo zako zinaweza kuingia humo.

Ndoo zipewe namba na ziandikwe nani kachukua ipi. Zisifunguliwe barabarani hata kama zimejaa. Kuhesabu kufanyike chumba kimoja, watu wawili wawili wasio ndugu, kila wawili wakitia saini karatasi ya ndoo yao. Jumla ipigwe picha usiku uleule na fedha zifungiwe. Mweka hazina asirudi nyumbani nazo peke yake.

Jioni yenyewe

Barabara ifungwe saa nane mchana. Vibanda vijengwe kabla ya saa tisa na nusu, magari yao yaondoke. Chupa zipangwe mwanga ukiwepo. Kuwasha kuanze saa kumi na nusu, taa zizimwe saa kumi na moja kamili kwa kengele ya kanisa, na hapohapo maandamano ya watoto yaanze kutoka shuleni.

Magari ndiyo yatakayokusumbua kuliko moto. Shamba la mkulima linalofaa Agosti huwa tope Desemba. Tafuta eneo lenye sakafu ngumu nje ya kijiji na basi la kwenda na kurudi, na kama ni lazima shamba litumike, mwombe mkulima abaki karibu na trekta lake. Waelekezaji wavae vizibao vya kuakisi mwanga na wawe na tochi. Huduma ya kwanza iagizwe mapema, mwanzoni mwa mwaka, kwani Desemba kila kijiji kinawataka walewale. Kituo cha watoto waliopotea kiwe mahali pamoja, kitajwe kwenye kila tangazo, na kisihame.

Asubuhi yake

Nta iliyomwagika kwenye mawe usiikwangue ikiwa ya moto. Iache igande kwa baridi ya usiku, kisha ibandue kwa kisu cha kupakia plasta. Inatoka vipande vizima. Vikombe vya bati vinarejelezwa vikiwa vimetolewa nta. Mchanga ukaushwe na kuhifadhiwa kwenye mapipa yenye kifuniko, chupa zipangwe kwenye makasha zikiwa zimegeuzwa.

Ndani ya wiki mbili tangaza hesabu yote: kilichoingia, kilichotumika, na kilichokabidhiwa. Ibandike kwenye ubao wa kijiji, mlangoni mwa duka na kwenye jarida la kanisa. Andika hata gharama za aibu, kama yale maturubai yaliyopasuka. Hundi ikabidhiwe hospisini, na waende watu waliofanya kazi, mmoja wa wawashaji wa mishumaa na mtoto mmoja mwenye kandili yake, badala ya kamati nzima iliyovaa suti.

Halafu, kabla ya mwisho wa Januari, peleka maombi ya kufunga barabara kwa Desemba inayofuata. Kijiji cha jirani nacho kinaitaka wikiendi hiyohiyo.